Vichwa Vilivyopewa Namba

Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Wachaga pamoja na viongozi wenzake. Wazee wa Kilimanjaro wamesimulia tangu siku hiyo kwamba mwili ulizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa kilisafirishwa Ujerumani.

Wakati huo, kichwa cha mtu aliyekufa kilikuwa na soko lake Berlin. Felix von Luschan, daktari mzaliwa wa Austria, alikuwa mtumishi wa jumba la makumbusho ya mataifa mjini humo, na aliwaandikia maofisa na wasafiri wa makoloni mwongozo wa namna ya kukusanya vitu na kuvipeleka kwake. Mafuvu ya watu yalimiminika kwa maelfu. Mengine yalifukuliwa makaburini, mengine yalitoka kwa waliouawa vitani au kwenye kitanzi.

Kisa cha haya yote ni hesabu ndogo. Katika miaka ya 1840 Anders Retzius wa Sweden aligawa upana wa kichwa kwa urefu wake na kuzidisha kwa 100. Kwa kipimo kilichokuja kuzoeleka, chini ya 75 mtu aliitwa wa kichwa kirefu, na kuanzia 80 wa kichwa cha mviringo. Wataalamu waliamini kwamba namba hiyo haibadiliki kutoka kwa babu hadi mjukuu, kwa hiyo wangeweza kuchora ramani ya dunia na kuonyesha aina gani ya binadamu inakaa wapi. Luschan aliongeza vigae 36 vya kioo vya rangi mbalimbali, vya kulinganishia ngozi za watu. Hapo ndipo ninapoona ukatili wa vipimo hivyo: mtu aliyekuwa na mama, ukoo na shamba la migomba aligeuzwa mfano wa eneo.

Rwanda ilivunwa mafuvu kuliko kwingine kote katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Jan Czekanowski, aliyefuatana na msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg mwaka 1907 na 1908, aliondoka na mafuvu kwa mamia. Baadaye Wabelgiji, waliowarithi Wajerumani Rwanda, walichukua fikra hizohizo za maumbile na kuziingiza katika vitambulisho, vikimtaja kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa.

Ila hesabu yenyewe haikusimama. Huko Marekani, Franz Boas aliwapima karibu wahamiaji 18,000 na watoto wao, na mwaka 1911 akatangaza kwamba watoto waliozaliwa huko walitofautiana na wazazi wao. Vichwa vya watoto wa Wayahudi vilikuwa virefu zaidi, vya watoto wa Wasisilia vikawa vya mviringo zaidi. Kipimo kilichodhaniwa kudumu karne kwa karne kilikuwa kimebadilika ndani ya kizazi kimoja. Luschan mwenyewe, katika kitabu chake cha 1922, alikana kwamba kuna watu wa juu na watu wa chini kwa maumbile. Mafuvu hayakurudishwa.

Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki, yakiwemo 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Vinasaba vya mafuvu machache vililinganishwa na vya watu walio hai Kilimanjaro, na ndugu wakapatikana. Moja liliandikwa Akida, na linaaminika kuwa la mshauri wa Mangi Meli. Wanaukoo, baada ya miaka mia na zaidi ya kungoja, hatimaye walikuwa na mtu wa kumlilia.

Kichwa cha Meli hakikuwa miongoni mwa vile vilivyotambuliwa. Old Moshi, kando ya mti aliponyongewa, imesimamishwa sanamu yake: kichwa na kifua.