Furu mwenye jina la Mwalimu

Utotoni, Mwanza, tulikaa juu ya mawe ya ziwani na ndoano moja ya kugombania, chambo mnyoo. Aliyenasa tulimwita furu tu. Mwekundu, furu. Wa bluu, furu. Wa kijivu, furu. Jioni Babu aliwachukua wote wakawe chambo cha sangara.

Kumbe walikuwa aina tofauti! Mwaka 1985, mwaka ule ule Nyerere alipong'atuka, watafiti Witte-Maas na Witte walimwandika yule mwekundu kwenye vitabu vya sayansi na kumpa jina lake: nyererei. Ndugu yake wa bluu anaitwa pundamilia, Kiswahili kabisa. Majike wao wote hawana rangi ya maana, ila wao ndio wanaochagua dume, na wanachagua kwa rangi.

Sasa maji yakichafuka? Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi chini ya taa ya rangi ya chungwa, wekundu na bluu zisitofautike. Majike wakaacha kuchagua. Hiyo ilichapishwa 1997. Ziwani nako, penye maji machafu, aina hizo mbili zimechanganyika.

Sisi hadithi ya furu tumezoea kumtupia sangara lawama zote, yule aliyeletwa enzi za mkoloni. Aliwala wengi, sibishi. Lakini tope linaloshuka kutoka mashambani na mitaani kwetu hakulileta yeye.

Mwaka jana nilirudi kwenye mawe yale na ndoano. Nilimnasa mmoja, dume. Nilimgeuza juani mara mbili tatu, rangi yake nikashindwa kuitaja. Nikamrudisha majini.