Mpaka wa Sirari na Jumuiya Isiyopigiwa Kura

Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa karibu kabisa kujitawala, Julius Nyerere alisema jambo ambalo viongozi wachache wangethubutu kulisema. Alikuwa radhi uhuru wa nchi yake uchelewe, iwapo kuchelewa huko kungeiwezesha Tanganyika kuingia katika uhuru pamoja na jirani zake kama shirikisho moja la Afrika Mashariki. Hofu yake ilikuwa kwamba kila nchi ikishapata bendera yake, mawaziri wake na kiti chake Umoja wa Mataifa, hakuna atakayekubali kuvirudisha.

Nyerere alizaliwa Butiama, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Ukishika barabara ya kaskazini kutoka upande huo, ukavuka Mto Mara pale Kirumi na kuupita mji wa Tarime, unafika Sirari, na ng'ambo ya pili ni Isebania, Kenya. Tarehe 4 Februari 1977 serikali ya Nyerere huyohuyo iliufunga mpaka huo, na mingine yote kati ya Tanzania na Kenya. Ulikaa umefungwa kwa zaidi ya miaka sita.

Historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kwa kawaida husimuliwa kutoka Arusha, Nairobi na Kampala, kwenye meza za marais na mawaziri. Mimi nataka tuitazame kutoka Tarime na Serengeti, maana huko ndiko swali la kubaki au kutoka lilikoangukia, ingawa huko hakuna aliyeulizwa.

Mpaka wenyewe ulichorwa mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi ambazo wachoraji hawakuwahi kuzikanyaga. Mstari ulianzia mdomo wa Mto Umba, pwani, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Katika kunyooka huko uliwapasua Wamasai, ukawapasua Wajaluo, na ukawapasua Wakurya. Miongoni mwa koo za Wakurya, Abairege, Abanyabasi, Abagumbe na Abakira zilijikuta zina watu pande zote mbili. Ng'ombe wa mahari waliendelea kuvuka, na vijana wa rika moja waliendelea kutambuana. Wazee hawakuona sababu ya kumhesabu binamu kuwa mgeni kwa kuwa boma lake liko upande ambao mtu wa Berlin hakuuchagua.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na mstari ule ukalegea. Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganisha forodha zao tangu 1917, na Tanganyika ikaingizwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Mwaka 1948 ikaundwa Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1961 ikafuatiwa na chombo cha huduma za pamoja. Kwa mkazi wa Tarime, mambo hayo makubwa yalikuja kwa sura ndogondogo. Shilingi ilikuwa moja. Barua ilibandikwa stempu ileile. Meli za shirika la reli zililizunguka ziwa kutoka Kisumu hadi Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Nairobi ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, na Kisii na Migori zilikuwa karibu zaidi ya zote mbili.

Lakini muungano huo ulikuwa na mzizi wenye kasoro, na si haki kuusimulia bila kuitaja. Viwanda vilikuwa Kenya, kwa sababu walowezi walikuwa Kenya. Makao makuu ya huduma nyingi yalikuwa Nairobi, na mishahara iliyolipwa huko ilitumika huko. Tanganyika na Uganda zilikuwa soko. Viongozi wa nchi hizo tatu, Kenyatta wa Kenya, Nyerere, na Obote wa Uganda, walitangaza mwezi Juni 1963 kwamba wangeunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuundwa. Mwaka 1964 walipatana Kampala jinsi ya kugawana viwanda vipya, na Kenya haikuyaidhinisha makubaliano hayo. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake. Mwanzoni thamani zake zilikuwa sawa, na pengine ndiyo maana wengi hawakuona kwamba kitu kikubwa kimekatika.

Mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 ulikuwa jaribio la kweli la kutibu kasoro hiyo. Uliruhusu nchi iliyokuwa ikinunua zaidi ya inavyouza kutoza kodi maalumu kwa bidhaa za jirani, ili viwanda vyake vichanga vipate kupumua. Ulianzisha benki ya maendeleo. Uligawa makao makuu: Jumuiya yenyewe Arusha, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, pamoja na benki, huku reli na ndege zikibaki Nairobi. Sioni kwamba waandishi wa mkataba ule walikosa akili au nia. Walichokosa ni muda, maana miezi michache kabla, tarehe 5 Februari 1967, Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha, lililoielekeza kwenye Ujamaa. Kuanzia hapo jirani wawili waliokuwa na soko moja walikuwa wakienda njia mbili, mmoja akitaifisha mabenki, mwingine akiwakaribisha wawekezaji. Magazeti ya Tanzania yakaiita Kenya nchi ya manyang'au. Wakubwa wa Nairobi nao walijibu kwa kejeli zao, na Charles Njonjo, mwanasheria mkuu wa Kenya, hakuwahi kuificha chuki yake kwa Jumuiya.

Kisha, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin akampindua Obote. Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Naielewa sababu yake ya kimaadili na ninaiheshimu, lakini matokeo yake kwa Jumuiya yalikuwa mazito. Kwa mujibu wa mkataba, chombo cha juu kabisa kilikuwa kikao cha marais watatu, na tangu hapo kikao hicho hakikukutana tena. Kila mgogoro uliopaswa kupanda hadi juu ulikwama njiani. Mashirika yalitegemea fedha zinazokusanywa katika kila nchi zipelekwe makao makuu, na kadiri udhibiti wa fedha za kigeni ulivyokazwa, nchi zilianza kuzizuia. Reli iligawanyika kimyakimya. Shirika la ndege lilidaiwa kila upande.

Je, mjadala ulikuwepo? Ulikuwepo, ila mahali padogo. Mwaka 1975 iliundwa tume ya kuupitia upya mkataba chini ya William Demas, mchumi kutoka Trinidad. Ilizunguka, ikasikiliza, na mawaziri wakagombana juu ya mapendekezo yake bila kuafikiana. Hakuna bunge lililoletewa hoja ya kujitoa na kuipigia kura. Hakuna mkutano wa hadhara uliofanyika Tarime kuuliza kama wenye ndugu Kehancha, upande wa Kenya, wangependa kuwa na mpaka wa namna gani. Jumuiya haikuvunjwa kwa uamuzi ambao mtu angeweza kuupinga, bali kwa fedha kutolipwa na vikao kutofanyika.

Mwezi Januari 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, na ndege za Afrika Mashariki zikaacha kuruka. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka, ikazuia magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa ndani ya nchi. Siku iliyofuata nchi nzima ilikuwa ikisherehekea miaka 10 ya Azimio la Arusha na kuzaliwa kwa Chama cha Mapinduzi. Mwisho wa Juni bajeti ya Jumuiya ya mwaka uliokuwa ukianza haikupitishwa, na kwa vitendo ikawa imekufa.

Sasa turudi Sirari. Mpaka ulifungwa wakati mbaya kuliko wote kwa mkulima wa kahawa. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda sana kufikia 1976 na 1977. Kahawa ililimwa katika nyanda za juu za Tarime, na mnunuzi wa Kenya alikuwa ng'ambo ya kilima, mwenye fedha taslimu. Hivyo serikali ilipofunga barabara, biashara ilihamia njia za panya. Kahawa na ng'ombe vilikwenda usiku, na sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vikarudi usiku. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka ya Tanzania yalipokuwa matupu, biashara hiyo ilizidi. Kilichokuwa safari ya kawaida ya sokoni kikawa kosa la jinai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na walanguzi wakakamatwa nchi nzima. Tarime, wilaya ya mpakani, haikuwa na pa kujificha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kufunga mpaka kulikuwa hatua ya lazima ya kulinda Ujamaa. Malalamiko ya Tanzania yalikuwa ya kweli. Nimeyaeleza na sitayafuta. Lakini aliyeathirika kwa kufungwa huko hakuwa mwenye kiwanda wa Nairobi peke yake. Alikuwa pia mama wa Sirari ambaye chumvi yake ilitoka Isebania, na mzee ambaye binti yake aliolewa Kehancha na hakuweza kwenda kumzika bila kukwepa askari. Hao hawakuwa na mwakilishi katika ugomvi wa mashirika ya reli na ndege, nao ndio walioulipia kila siku.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Nyerere, Rais Moi wa Kenya, na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani Uganda, kukutana Arusha. Mali zilizobaki ziligawanywa kwa usuluhishi wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Makubaliano ya Mei 1984 yaliipa Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Katika ziwa, meli ya MV Victoria, iliyokuwa ya wote, ilibaki Tanzania, pamoja na MV Umoja, ambayo jina lake lilikuwa limepewa katika siku za matumaini.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999, wiki chache baada ya Nyerere kufariki tarehe 14 Oktoba. Waliouandika walikumbuka 1977. Ibara ya 145 inasema nchi inayotaka kujitoa lazima Bunge lake liamue kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha itoe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Katika miezi hiyo mtu wa Sirari anaweza kumwandikia mbunge wake, kuuza mzigo wake, kulipwa madeni yake. Waingereza, ambao mwaka 2016 walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya na kuondoka rasmi mwanzoni mwa 2020, walipita katika misukosuko mingi, lakini hakuna mfanyabiashara aliyeweza kusema kwamba aliamka na kukuta geti limefungwa bila kuonywa. Tanzania yenyewe ilijitoa katika jumuiya ya kibiashara ya COMESA mwaka 2000 kwa taarifa na kwa utaratibu, na maisha mpakani hayakusimama.

Mjadala umerudi mara mbili kwa nguvu. Mwaka 2007, Watanzania walipoulizwa kuhusu kuharakisha shirikisho la kisiasa, wengi walikataa kuharakishwa, na ardhi ilikuwa hofu kubwa. Hofu hiyo isibezwe, na hasa isibezwe Tarime, ambako koo zenyewe kwa zenyewe zimepigania mashamba. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana bila Tanzania, na watu wengi wakasema basi na tutoke. Tarehe 7 Novemba Rais Kikwete alisimama bungeni Dodoma akaeleza kinagaubaga kwamba Tanzania haitatoka, akataja na mambo ambayo haitayakubali haraka: ardhi, na vitambulisho kutumika badala ya pasipoti. Kwangu mimi hotuba hiyo ni muhimu kwa sababu ya mahali ilipotolewa. Miaka 36 mapema, uamuzi mzito kama huo haukupitia mlango wa bunge.

Leo Sirari na Isebania zina kituo cha huduma za pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja na msafiri hukaguliwa mara moja. Jambo moja la Februari 1977, hata hivyo, halikurekebishwa mwaka 1983. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti kuna kituo cha mpakani cha Bologonja, mkabala na hifadhi ya Maasai Mara ya Kenya. Kabla ya kufungwa, watalii walitoka Nairobi wakapita Mara, wakaingia Serengeti, wakalala hata hoteli ya Lobo iliyojengwa katikati ya miamba, kisha wakarudi Nairobi na fedha zao nyingi zikabaki huko. Hilo lilikuwa moja ya malalamiko ya Tanzania, na kituo kilibaki kimefungwa kwa watalii hata magari yaliporuhusiwa Sirari. Nyumbu kwa maelfu mengi huvuka mstari ule kila mwaka. Wanaotaka kituo kifunguliwe wana hoja, na wanaotaka kibaki kimefungwa, ili mtalii ashukie Arusha au Mwanza na kulala Tanzania, wana hoja pia. Hoja hizo mbili zinastahili kusikilizwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mbele ya watu wanaoishi na wanyama hao, kabla hazijaamuliwa Dodoma.