Pombe, ngazi na roshani: Hatari katika nyumba za udugu vyuoni Marekani

NA MWANDISHI WETU

KWA mzazi wa Kenya ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusoma Marekani, herufi za Kigiriki zinazobandikwa juu ya milango ya majumba yaliyo kando ya chuo huenda zisiwe na maana yoyote. Majumba hayo ni makao ya vyama vya udugu, yaani vyama vya wanafunzi wa kiume ambao huishi pamoja, hulipa ada na husaidiana masomoni na hata katika kutafuta kazi baada ya kuhitimu. Wanafunzi wa kike nao wana vyama vyao vya udada.

Hata hivyo, baadhi ya nyumba hizo zimekuwa pia mahali pa ajali za usiku, pombe ikiwa imetangulia: kijana huteleza ngazini, hupinduka kutoka roshani au huanguka kutoka dirishani.

Asili ya vyama hivi ni ya kale. Phi Beta Kappa, chama cha kwanza kujiita kwa herufi za Kigiriki, kiliundwa mwaka wa 1776 katika Chuo cha William and Mary, jimbo la Virginia. Leo hii hicho ni jumuiya ya kuwatunuku wasomi bora. Vyama vya udugu vya namna tunayoijua sasa vilianza kuenea baada ya 1825, wakati Kappa Alpha Society ilipoanzishwa katika Chuo cha Union, New York. Mnamo 1906, wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell waliasisi Alpha Phi Alpha.

Sheria ya umri

Jambo moja ambalo Mkenya hana budi kulifahamu ni umri. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010, iliyokuja kujulikana kama Sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Nchini Marekani kikomo ni miaka 21. Mnamo 1984, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoyanyima sehemu ya fedha za barabara majimbo yaliyoruhusu wenye umri wa chini ya hapo kununua pombe. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yametii.

Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili hawawezi kuhudumiwa katika baa. Wanaotaka kunywa huishia katika nyumba za faragha, zikiwemo za udugu, ambako hakuna muuzaji mwenye leseni wa kumwambia mtu kwamba sasa imetosha. Na kwa kuwa wanavunja sheria, huogopa kuomba msaada mambo yanapoharibika.

Jinsi pombe inavyomwangusha mtu

Wataalamu wa Marekani huhesabu kinywaji kimoja kuwa ni kile chenye gramu 14 za kileo halisi. Mwanamume anayekunywa vitano au zaidi kwa muda wa saa mbili hivi, au mwanamke anayekunywa vinne, huhesabiwa kuwa amekunywa kupita kiasi. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja kwa saa. Kwa hivyo, aliyebugia vinywaji vingi kwa haraka huendelea kulewa hata baada ya kuweka glasi chini. Kahawa na maji baridi haviharakishi kazi hiyo.

Kileo hudhoofisha sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, na pia huvuruga viungo vya ndani ya sikio vinavyomwezesha mtu kusimama wima. Mlevi huona chumba kikizunguka, huchelewa kunyoosha mkono ili kujikinga anapoanguka, na hujasiri kupanda mahali ambapo asingethubutu akiwa timamu.

Nyumba yenyewe nayo huchangia. Nyingi ni za zamani, zilijengwa kabla ya kanuni za sasa za ujenzi ambazo kwa kawaida hutaka ukingo wa roshani uwe na kimo cha sentimita 107 hivi. Baadhi zina ngazi za mwinuko mkali zinazoteremka hadi vyumba vya chini ya ardhi, au mapaa bapa yanayofikiwa kwa kupitia dirishani. Katika majimbo ya Idaho na Washington, baadhi ya nyumba zina mabweni ya pamoja kwenye orofa za juu, vitanda vya ghorofa vikiwa karibu na madirisha. Katika mwaka wa masomo wa 2012/2013, wanafunzi kadhaa wa vyuo vikuu vya Idaho na Washington State, vilivyo umbali wa kilomita 13 hivi, waliumia kwa kuanguka kutoka nyumba za namna hiyo.

Saa kumi na mbili

Kisa kilichoitikisa Marekani kilitokea Februari 2017 katika nyumba ya chama cha Beta Theta Pi, Chuo Kikuu cha Penn State. Mwanafunzi wa umri wa miaka 19, aliyekuwa akiingizwa chamani, alipewa vinywaji 18 kwa muda wa dakika 82. Mwendo wa saa tano usiku alianguka kwenye ngazi za chumba cha chini. Fuvu lake lilivunjika na wengu ukapasuka.

Wenzake walimbeba hadi kwenye kochi na kumvika mkoba mgongoni ili asilale chali akapaliwa na matapishi. Simu ya kuita ambulensi ilipigwa karibu saa tano asubuhi. Kijana huyo aliaga dunia Februari 4. Kamera za usalama zilikuwa zimerekodi mengi ya yaliyotendeka, na nyumba yenyewe ilikuwa na kanuni ya kupiga marufuku pombe.

Funzo kuu la kisa hicho ni kwamba dalili za jeraha la kichwa hufanana na za ulevi. Aliyevuja damu ndani ya fuvu hutapika, huropoka, husinzia na hushindwa kusimama. Watu husema, “Mwacheni alale, itamtoka.” Kumbe kila dakika ina thamani.

Hatua zilizochukuliwa

Mnamo 2018, jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria iliyopewa jina la marehemu huyo. Inaadhibu vikali mateso ya kuwaingiza wanachama wapya, na pia inamkinga dhidi ya mashtaka anayeita msaada kwa nia njema. Sera kama hiyo ya msamaha ilikuwepo Cornell tangu 2002. Aidha, mnamo Desemba 2024, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kitaifa inayovitaka vyuo kuchapisha takwimu za mateso hayo.

Vyama vyenyewe havikukaa kimya. Phi Delta Theta kilipiga marufuku pombe katika nyumba zake kuanzia mwaka wa 2000. Muungano wa vyama vya udugu vya Amerika Kaskazini nao uliamua kwamba kufikia Septemba 2019, vinywaji vyenye kileo cha zaidi ya asilimia 15 visiruhusiwe katika nyumba za wanachama wake, isipokuwa vikiuzwa na mwenye leseni. Lakini kama kisa cha Penn State kilivyoonyesha, kanuni isiyosimamiwa haimzuii mtu kuanguka.

La kufanya

Mwanafunzi anayekwenda huko na ayashike haya. Aliyeanguka akiwa amekunywa, hasa akigonga kichwa, apelekwe hospitali hata kama anadai yuko salama. Asiyeamka anapoitwa, anayepumua polepole au ambaye midomo yake imebadilika rangi, aitiwe ambulensi mara moja kwa nambari 911. Asiachwe peke yake. Aliyezirai bila kuumia alazwe kwa ubavu. Anayeshukiwa kuumia shingo asisogezwe bila sababu.

Naye mzazi, kabla ya kulipa karo, aulize chuo kina sera gani ya msamaha kwa anayeita msaada, na ni vyama vipi vimewahi kuadhibiwa. Amweleze mwanawe bayana kwamba adhabu ya kukutwa na pombe chini ya umri huisha, lakini anayeachwa sakafuni hadi asubuhi huenda asiamke.