Ulalo na Daraja

Katika Kiswahili, gogo lililolazwa juu ya kijito ili watu wavuke huitwa ulalo, neno litokanalo na kitenzi kulala. Daraja, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ya kwanza ni kipandio, tena cheo. Lakini leo ndilo litumikalo kwa kila kivukio kilichojengwa.

Hasara yake si ndogo, kwani jina moja huficha kazi nne. Ulalo huchukua uzito kwa kupinda: upande wa juu hubanwa, wa chini huvutwa, na huko chini ndiko zianzako nyufa. Tao la mawe halivutwi. Mawe husukumana, na msukumo wao hupokewa na kingo. Kingo zikiachana, tao huanguka. Daraja la Nyali, Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1931, lilielea: likipanda maji yakijaa, likishuka yakipwa, hata mwaka 1980 nafasi yake ikatwaliwa na daraja la zege lenye nguzo. La Kigamboni, Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016. Sehemu yake ya kati hushikwa na kamba za chuma, nazo huupeleka uzito minarani, na minara huushusha ardhini.

Basi neno ulalo lingali na kazi. Yafaa lirejeshwe kwa daraja la mihimili. Tao libaki tao. Na mengine tuyaite daraja la kuelea na daraja la kamba. Hapo mwanafunzi asikiapo jina atajua mara moja mahali pa kutazamia hatari.