Ayub Kalule: Kutoka dhahabu ya Havana hadi mkanda wa dunia

MASHINDANO ya kwanza ya dunia ya ndondi za ridhaa yalifanyika Havana, Cuba, mwezi Agosti 1974. Dhahabu zilizowaniwa zilikuwa 11, na wenyeji walijitwalia tano, moja ikiwa ya Teofilo Stevenson katika uzani mzito. Sita zilizosalia zilikwenda kwa wageni, na miongoni mwao alikuwemo Mwafrika mmoja tu: kijana wa Kampala, mwenye umri wa miaka 20, aliyepigana kwa mkono wa kushoto. Jina lake Ayub Kalule.

Kalule alizaliwa Januari 1954. Mapema mwaka huohuo wa 1974 alikuwa ametwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, katika uzani mwepesi. Huko Havana alipanda hadi kilo 63.5 na kumshinda Vladimir Kolev wa Bulgaria katika fainali. Mkenya Stephen Muchoki naye alifika fainali ya uzani mdogo kabisa, lakini akashindwa na Jorge Hernández wa Cuba na kurejea nyumbani na fedha.

Inafaa kukumbuka Cuba ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Serikali ya Fidel Castro ilikuwa imepiga marufuku michezo ya kulipwa tangu mwaka 1962, na bondia wa Cuba alibaki kuwa wa ridhaa hadi anastaafu. Stevenson alitwaa dhahabu tatu za Olimpiki, 1972, 1976 na 1980, bila kupigana hata pambano moja la kulipwa. Marufuku hayo yalidumu miaka 60. Ni mwaka 2022 ndipo mabondia wa timu ya taifa ya Cuba waliporuhusiwa kupanda ulingo wa kulipwa, nchini Mexico. Mcuba aliyetaka kuuza ngumi zake kabla ya hapo ilimbidi atoroke.

Mwanandondi wa Afrika Mashariki hakukatazwa na sheria yoyote. Alichokosa ni soko. Idi Amin, aliyeitawala Uganda enzi hizo, alikuwa mwenyewe bondia alipokuwa askari wa jeshi la wakoloni, na timu ya Uganda iliogopwa barani kote. Lakini medali haikulisha familia, na mapromota wenye fedha walikuwa ng'ambo. Kisha ikaja Olimpiki ya Montreal ya 1976. Zaidi ya nchi 20 za Afrika, zikiwemo Uganda na Kenya, ziliisusia kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki. Hernández aliibuka bingwa wa Olimpiki huku Muchoki akiwa nyumbani. Kalule hakuwahi kupigana Olimpiki hata mara moja. Mwaka huohuo wa 1976 alianza ndondi za kulipwa nchini Denmark.

Kwa nini Denmark? Jirani yake Sweden ilikuwa imeharamisha ndondi za kulipwa mwaka 1970, hivyo Copenhagen ikabaki kitovu cha mchezo huo katika eneo lile la kaskazini, na promota Mogens Palle alikuwa na jicho la kutambua vipaji kutoka mbali. Chini yake Kalule alishinda pambano baada ya pambano. Hakuwa mtu wa makeke. Alisonga mbele bila kuchoka, akirusha ngumi nyingi za mwilini, mkono wake wa kulia ukitangulia na kumvuruga mpinzani aliyezoea kinyume chake. Mwaka 1978 alinyakua ubingwa wa Jumuiya ya Madola wa uzani wa kati.

Tarehe 24 Oktoba 1979 alipelekwa Akita, Japani, kumkabili bingwa wa WBA wa uzani wa super-welter, Masashi Kudo, mbele ya mashabiki wa Mjapani huyo. Raundi 15 zilipokwisha, majaji wote watatu walimpa Kalule ushindi. Uganda ilipata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa ndondi za kulipwa, miezi sita tu baada ya Amin kung'olewa madarakani, taifa likiwa bado linahesabu makaburi. Kalule aliutetea ubingwa huo mara nne, zote nchini Denmark. Waganda wenzake hawakuwahi kumwona akiutetea ulingoni kwao.

Juni 25, 1981, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, alikutana na Sugar Ray Leonard. Kalule alikuwa hajashindwa katika mapambano 36. Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Chala, Taveta, na anakumbuka watu wazima walivyobishana juu ya pambano hilo kana kwamba Kalule alikuwa Mkenya. Leonard alikuwa na kasi zaidi, lakini Mganda alimsukuma na kumlazimisha kupigana. Mwishoni mwa raundi ya tisa Kalule aliangushwa. Alisimama, lakini mwamuzi Carlos Berrocal akasimamisha pambano. Muda rasmi uliotangazwa kwanza ulikuwa dakika tatu na sekunde sita, jambo lisilowezekana katika raundi ya dakika tatu, baadaye ukarekebishwa. Leonard alishangilia kwa kupiga sarakasi ulingoni, kisha akauachia mkanda huo na kurudi uzani wa welter kumsubiri Thomas Hearns.

Mkanda uliokuwa maisha ya mtu mmoja ulikuwa zoezi kwa mwingine. Kalule alijaribu kuurejesha mwezi Julai 1982 dhidi ya Davey Moore, akasimamishwa raundi ya 10. Miezi michache baadaye Mike McCallum wa Jamaica, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alimshinda pia. Wengi wangestaafu. Yeye alipanda uzani wa kati, akatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1985, na Desemba mwaka huo akautetea huko Italia dhidi ya Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Kongo ambaye naye alikuja kuvaa mkanda wa dunia. Herol Graham alimpokonya taji hilo mjini Sheffield mwezi Februari 1986, na Kalule akaning'iniza glavu: mapambano 50, ushindi 46.

Njia aliyoifungua ilitumiwa na wengine, kwa bahati tofauti. Muchoki, aliyetwaa dhahabu ya dunia Belgrade mwaka 1978, alimfuata Denmark, na mwaka 1982 akashindwa na Santos Laciar alipowania mkanda wa WBA. John Mugabi, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya Moscow, alikuwa bingwa wa WBC mwaka 1989. Robert Wangila, Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki ya ndondi, aliyoipata Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 kutokana na majeraha aliyoyapata ulingoni Las Vegas. Alikuwa na umri wa miaka 26.