Zera Yacob: mkimbizi wa Ethiopia aliyemtafuta Mungu ndani ya pango

Hapa Goma hakuna haja ya kueleza namna mtu anavyokimbia vita: unabeba kile mikono inaweza kubeba, kingine unakiacha. Mtu tunayemzungumzia leo alibeba vitu viwili, dhahabu kidogo na kitabu cha Zaburi. Anaitwa Zera Yacob, maana yake "uzao wa Yakobo". Kitabu chenye jina lake, Hatata, yaani "uchunguzi", ni kati ya vitabu vya falsafa vinavyojadiliwa sana Afrika.

Maisha yake

Kufuatana na kitabu hicho, alizaliwa mwaka wa 1599 karibu na Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, katika familia ya wakulima maskini. Alisoma shule za kanisa, akawa mwalimu wa Maandiko.

Wakati ule nchi ilikuwa imegawanyika juu ya dini. Mwaka wa 1622 mfalme Susenyos aliacha Kanisa la Orthodox na kuingia Katoliki, akiwa na mapadri Wajesuiti pembeni yake. Wengi walikataa, na damu ikamwagika. Zera Yacob yeye, akifundisha, alieleza tu: hawa wanasema hivi, wale wanasema hivi. Hakuchagua upande. Na tunajua yanayompata mtu wa namna hiyo: pande zote mbili zinamwona adui. Kuhani mmoja akamshitaki kwa mfalme kwamba anachochea watu. Akatoroka, akapata pango karibu na mto Takkaze, akakaa humo miaka miwili.

Mwaka wa 1632 Susenyos aliachia ufalme, na mwanawe Fasilides akairudisha Orthodox. Zera Yacob akatoka, akaenda Enfraz, akanakili maandiko kwa tajiri mmoja jina lake Habtu. Akamwoa Hirut, mtumishi wa nyumba ile, akisema mume na mke ni sawa katika ndoa. Mtoto wa Habtu, Walda Heywat, akawa mwanafunzi wake. Ndiye alimwomba aandike maisha yake, naye akaandika mwaka wa 1667. Alifariki mwaka wa 1692, akiwa na miaka 93.

Hoja yake juu ya Mungu

Ndani ya pango alikuwa anasali Zaburi kila siku. Kisha swali likamjia: je, kuko mwenye kunisikia kweli, ao ninasema peke yangu?

Hakukimbilia jibu la kanisa lolote, sababu kila moja lilisema ukweli uko kwake. Akaanza na yeye mwenyewe. Nani aliniumba? Si mimi, juu kabla ya kuzaliwa sikuwako. Ni wazazi wangu? Basi wao waliumbwa na nani? Ukirudi nyuma, mzazi kwa mzazi, lazima ufike kwa wa kwanza. Na hao hawangeweza kujitoa wenyewe katika utupu. Kwa hiyo, anasema, kuko mmoja asiyeumbwa, chanzo cha vyote.

Hatua ya pili: mimi nina akili. Aliyenipa hawezi kukosa kile alichonipa. Basi Muumba ana akili, na anasikia.

Kutoka hapo akafika mbali. Kama Mungu aliwapa watu wote akili, wote ni sawa mbele yake. Kwa sababu hiyo alilaani biashara ya watumwa. Na watu wakidanganya kwa jina la Mungu, kosa ni lao: walipewa akili ya kuchunguza, lakini wengi wanapokea tu walichosikia kwa wazazi.

Miaka ileile, René Descartes wa Ufaransa naye alianza na shaka, akatafuta Mungu kwa akili; kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1637. Ila yeye hakuwa anawindwa na askari wa mfalme.

Wapinzani wa hoja hii wanauliza: chanzo cha kwanza, sawa, lakini kwa nini kiwe na akili, ao kiwe chema? Mjadala huo haujaisha.

Nani aliandika?

Kuko na ubishi mwingine. Maandishi haya, kwa lugha ya Ge'ez, yalifika Paris katika karne ya 19 kupitia padri Mwitalia, Giusto da Urbino, aliyeyatuma kwa Antoine d'Abbadie. Mwaka wa 1920 mtaalamu Carlo Conti Rossini alisema padri huyo ndiye aliyatunga. Claude Sumner, Mkanada aliyefundisha Addis Ababa, alitetea kwamba ni kazi ya Mwethiopia. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana.

Lakini hoja yenyewe haihitaji jina ili ipimwe. Mtu aliyepoteza nyumba, kazi na marafiki juu ya dini anaweza kumwacha Mungu, ao kuchukia watu wa dini ingine. Mwenye pango la Takkaze hakufanya moja wala ingine. Alikaa chini, akauliza, akafuata jibu mpaka likamfikisha kwa mtumishi Hirut na kwa mtumwa sokoni.