Alaimenti: tendo au hali?

Gari linatoka Ngenge kuelekea Muleba mjini. Dereva akilegeza mkono kidogo tu, linakimbilia mtaroni. Abiria wa mbele hahitaji cheti cha ufundi ili atoe hukumu: "Hii gari inataka alaimenti." Neno limeshakuwa letu, na gerejini alaimenti hupigwa, kama inavyopigwa pasi au rangi. Kitenzi hicho ndicho kinachotupoteza. Kinachopigwa huwa kimekwisha, unalipa na kuondoka. Kumbe alaimenti huanza kutahiniwa pale gari linapovuka geti la gereji.

Ndani ya neno hilo mna pembe tatu. Ya kwanza ni ya vidole: ukilitazama gari kutoka juu, magurudumu ya mbele huweza kuelekea ndani au nje, kama nyayo za mtu anayetembea. Ya pili ni matege: ukilitazama kwa mbele, gurudumu huweza kulala nje upande wa juu, kama mguu wa mwenye matege, au kulala ndani, kama wa mtu ambaye magoti yake hugongana. Ya tatu ni mwegemeo: mhimili ambao gurudumu hugeukia huwa umelala nyuma kidogo, kama foku ya baiskeli, na ndio unaosaidia usukani kurudi katikati baada ya kona.

Tuliite nini jambo hili kwa Kiswahili? "Kunyoosha" hakufai, kwa sababu pembe hizi huwekwa makusudi zisiwe sifuri. Gari la mashindano mara nyingi hulazwa magurudumu ndani ili tairi likamate vizuri kwenye kona. "Kusawazisha" nako kuna kazi yake: ni kubandika vipande vya risasi kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke, yaani balansi. Linalobaki ni "kulingana": magurudumu yapatane yenyewe kwa yenyewe, na yapatane na mstari wa katikati ya gari. Uzuri wa kitenzi hiki ni kwamba kinatupa maneno mawili. Ulinganishaji ni kazi ya fundi. Ulinganifu ni hali ya gari. "Alaimenti" imeyafunika yote mawili kwa blanketi moja.

Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye mashindano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilijengwa juu ya barabara za vumbi, mawe na matope. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo 1979 hadi 1982. Katika mbio za namna hiyo gari lililopimwa vizuri asubuhi si hoja. Hoja ni litakalobaki na vipimo vyake jioni.

Vipimo huibwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni ulegevu: bushi zilizokwisha, bolijointi zinazocheza, nati isiyokazwa ya tairodi, yaani fimbo inayogeuza gurudumu. Cha pili ni kishindo, kwani shimo moja huweza kupinda tairodi. Cha tatu ni cha siri zaidi: gurudumu likipanda na kushuka, tairodi na mkono wa chini unaolishika gurudumu huchora pinde mbili, kama mbuzi wawili waliofungwa kwenye vigingi viwili kwa kamba zisizolingana urefu. Pinde zisipopatana, gurudumu hujigeuza lenyewe bila dereva kugusa usukani. Huo tungeuita mgeuko wa mruko.

Hasara ya kupoteza vipimo inahesabika. Kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 400, gurudumu lililokengeuka kwa milimita 2 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma huburutwa ubavu kama mita 5 katika kila kilomita. Ndiyo maana tairi jipya huweza kulika upande mmoja kabla hujalifaidi.

Mafundi wa mashindano hulinda ulinganifu kwa mambo yasiyohitaji mtambo wa gharama. Huondoa kwanza ulegevu wote, ndipo wapime. Hujaza upepo sawasawa, humkalisha dereva kwenye kiti, hutandaza uzi ubavuni mwa gari na kupima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Wakishakaza nati, huchora mstari wa rangi unaovuka nati na chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka.

Mwenye Noah au Probox wa Ngenge hashindani na mtu, lakini barabara yake ya vumbi haina huruma zaidi. Basi ukifika gerejini, kabla ya vipimo mwombe fundi ainue gari na atikise magurudumu. Anayepima juu ya bushi zilizokufa amekuuzia ulinganishaji, ulinganifu hajakuuzia.